Matunzo Hayakatiwi Utepe

Mdogo wangu Elinami,

“Serikali haiwezi kutoa fedha kwa kitu ambacho kila mtu anakipata bure.” Maneno haya aliyasema mwenyekiti wa kamati ya mfuko wa umma wa teknolojia, wiki iliyopita, hapa Moshi mjini, katika ukumbi uliojaa watu, kipaza sauti mkononi na chupa ya maji mbele yake. Watu walitikisa vichwa kukubali. Wengine waliyaandika. Mimi nilisimama.

Unanijua. Ungekuwepo ungenivuta gauni nikae. Kwa kuwa hukuwepo, nilimwuliza: barabara uliyopita asubuhi kuja hapa, mheshimiwa, ulimlipa nani? Chanjo waliyochomwa wajukuu zako, uliinunua duka gani? Taa iliyokumulikia jana ukitoka kwenye gari hadi mlangoni kwako, ulitoa nini ndipo ikawaka?

“Mama, hayo ni mambo mengine,” akasema.

Si mambo mengine. Ndilo jambo lenyewe. Kitu kinachomfaa kila mtu, na ambacho hakuna awezaye kukifungia dukani, ndicho hasa kodi iliwekwa ili ikitunze. Kinachouzika kitatunzwa na muuzaji. Kisichouzika kitatunzwa na nani kama si sisi sote kwa pamoja? Nimesoma wachumi wa kila mrengo, wakiwemo wale ambao wakisikia neno serikali hutema mate, na hata hao hapa hunyamaza na kukubali. Ni mwenyekiti wetu peke yake aliyevumbua uchumi mpya, ambamo kitu kikishawafaa watu wengi mno kinapoteza haki ya kuishi.

Kilichoniwasha zaidi ni kwamba mtu huyu ndiye aliyesimama kwenye msiba wako akakusifu. Nakuandikia ingawa umelala kihambani, kwenye shamba letu la ukoo Marangu, kando ya baba, na nakuandikia hadharani kwa sababu wako watu wanaolitaja jina lako kwenye hotuba na hawajui ulichofanya. Basi nikukumbushe wewe, na wao wasikilize.

Ulikuwa umerudi likizo kutoka chuo. Tulikwenda kumsalimu Felista, rafiki yangu tangu shule ya msingi, ambaye wakati huo alishakuwa mwalimu wa historia na macho yake yalishazimika kabisa. Tukamkuta simu inamsomea ujumbe wa mkuu wa shule. Sauti ilikuwa ya mwanamume wa Kizungu anayesoma Kiswahili kama mtu anayetafuna kokoto. Neno “mwanafunzi” alilikata vipande kama muwa. “Ng’ombe” ilimshinda, akairuka. Wewe ukacheka.

“Cheka tu, mdogo wangu,” Felista akasema. “Ndivyo ninavyosomewa barua za mwajiri. Siku wakinihamisha nitajua nimehamishiwa wapi lori likishafika.”

“Na insha za wanafunzi?” ukamwuliza.

“Hizo kila mwanafunzi ananisomea ya kwake. Ndiyo maana darasani kwangu hajafeli mtu.”

Tulicheka wote, na yeye mwenyewe alicheka kuliko sisi. Lakini bakuli la mtori alilokupakulia hukulimaliza. Njiani kurudi, tulipofika kwenye mgomba wa kwanza wa kwetu, ndipo uliposema, “Mashine haina kosa, dada. Hakuna aliyekaa nayo akaifundisha.”

Ukakaa nayo. Ile stoo ambayo baba alikuwa akiwekea kahawa uliigeuza studio. Ulisimamisha magodoro kwenye kuta zote na kuziba dirisha kwa blanketi, ukaniweka katikati kwenye kigoda, kinasa sauti mbele ya mdomo wangu. Ulisema unataka mtu anayetamka wazi na kusikika, na kwamba mimi nikigombana na muuza nyama Marangu wanasikia mpaka kule Kilema. Nikasoma sentensi hadi koo likakauka. Habari za hali ya hewa. Majina ya wilaya. Salamu. Matangazo ya misiba.

“Dada, hapa pameandikwa ‘chai iko tayari’. Umesoma kama hati ya mashtaka.”

“Ndivyo ninavyokaribisha wageni.”

“Sasa nimeelewa kwa nini kwako hawarudi.”

Na kila nikifika mwisho wa sentensi ndefu iliyonyooka, jogoo wa jirani aliwika. Tukirudia, naye anarudia. Ulimpelekea mwenye jogoo debe la pumba ili amfungie. Akapokea pumba, akakushukuru, jogoo akala akanenepa, akawika kwa nguvu zaidi. Ndipo ukasema huyu jirani yuko kwenye kila neno la kazi hii, haifai kumnyima heshima yake, na programu ukaiita Jirani.

Kwa wale ambao hawajawahi kuihitaji: Jirani ni programu inayosoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, kwenye simu au kompyuta, kwa Kiswahili cha mtu mwenye ulimi. Anayeitumia ni asiyeona, au anayeona kidogo, au mzee ambaye hakupata shule. Ni programu huria. Maana yake, msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote anaweza kuuchukua, kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bila kumwomba mtu ruhusa wala kumlipa. Mwalimu Felista alipoisikia mara ya kwanza alisema, “Sasa watafeli.” Na mwaka ule, kwa mara ya kwanza, walifeli wachache, na waliobaki wakajifunza kuandika.

Nilikuuliza kwa nini usiiuze. Nakumbuka ulikuwa unanawa mikono kwenye beseni, hukugeuka hata.

“Dada, huu ni mfongo,” ukasema.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza ambaye hajaishi migombani kwetu hatajua ulimaanisha nini. Mfongo ni mfereji. Wazee wa wazee wetu waliyakinga maji ya mto juu kabisa, karibu na msitu, wakayachimbia njia ubavuni mwa mlima mpaka yakafika kwenye kila kihamba. Maji ya mfongo hayauzwi. Lakini mfongo hauishi wenyewe. Mvua ikinyesha ukingo unabomoka, fuko wanatoboa, majani yanaziba. Basi pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inayokunywa inatoa mtu na jembe lake. Asiyetoka anatozwa pombe ya mbege, na akirudia, zamu yake ya maji inapelekwa kwa mwingine. Hakuna anayejadili. Ndiyo sheria iliyofanya maji yatufikie sisi.

Sitaupamba mfongo. Mimi binafsi walinifukuza. Nilipokuwa msichana nilikwenda na jembe siku ya usafi, na wanaume wakanisimamisha, eti mwanamke akifika chanzoni maji yanakauka. Nikamwuliza meku mmoja, mzee wa mfongo, ni kichwa cha nani kinachobeba maji hayo yakishashuka, na ni mkono wa nani unaomwagilia mahindi yake. Akamgeukia baba akasema, “Huyu mtoto wako ataolewa na nani?” Swali lake hadi leo halijapata jibu. Kwa hiyo mtu asinitume kwenye mila kama mtalii. Ninazijua, na ninajua zilipooza. Lakini kwa hili moja, kwamba anayekunywa atoke asafishe, wazee walikuwa mbele ya kamati yetu kwa umbali mrefu sana.

Hapo ndipo ulipokosea, Elinami. Lilikuwa kosa la mtu wa migombani, kosa ambalo asingelifanya mtu aliyekulia kwenye nyumba za kupanga. Uliamini kwamba ukiwapa watu maji, siku ukipiga pembe watatoka. Uliamini hivyo kwa sababu hukuwahi kumwona mtu anayekunywa maji ya mfongo akabaki kitandani siku ya usafi na asione haya. Hukujua kwamba taasisi haina uso. Haikutani na wewe njiani jioni. Haina mama mkwe atakayesikia habari zake sokoni. Haya haipandi kwenye uso usiokuwepo.

Ukaiweka Jirani mtandaoni, nayo ikatembea. Shule maalumu zikaichukua. Ofisi za wilaya zikaichukua kusoma matangazo. Na benki moja hapa mjini ikaichukua kuitia watu foleni.

Hilo la benki nililigundua mwenyewe. Niliingia kutoa pensheni ya mama, nikakaa kwenye kiti, na nikasikia sauti yangu kutoka darini, yenye adabu ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, ikimwambia mtu mwenye namba fulani aende dirisha la pili. Nikamwambia dada wa dirishani kwamba huyo anayesema ni mimi. Akanitazama. Nikamtajia namba yangu kwa sauti ileile. Akamwita mwenzake: “Njoo umwone mama wa foleni.”

Wakanipeleka kwa meneja. Kijana msafi, shati limenyooka, akaniagizia soda.

“Shikamoo mama. Tunaipenda sana sauti yako. Wateja wakiisikia wanatulia.”

“Marahaba. Basi changieni matunzo yake.”

“Lakini mama, mtandaoni imeandikwa ni bure.”

“Imeandikwa ni bure kutumia. Haikuandikwa kwamba inajirekebisha yenyewe.”

“Nitalipeleka makao makuu.”

Alilipeleka, bila shaka. Makao makuu ni mahali ambapo hoja za watu wa Moshi hupelekwa zikapumzike. Hadi leo naita foleni katika benki ile bila mshahara, na sijawahi hata kusogezwa mbele kwenye foleni ninayoiita.

Wewe hukukasirika. Uliandika kwa wote waliokuwa wakiitumia Jirani, kila ofisi na kila shule, kwa heshima, ukieleza kazi ilivyo nyingi na kuomba kila mmoja atoe mtu, au muda, au chochote. Ulikuwa unapiga pembe. Ukakaa kwenye baraza na simu mapajani, ukisubiri watoke na majembe.

Alitoka mmoja. Neema, binti wa Sanya Juu, ambaye alikuwa amemaliza chuo na alikuwa akitengeneza simu kwenye kibanda pale sokoni. Alikuja kwa basi na kompyuta yake kwenye kifuko cha unga. Mama akamwuliza, “Wenzako wako nyuma?” Neema akasema hana wenzake. Mama akaondoa vikombe vilivyozidi.

Nimewaona nyinyi wawili mkifanya kazi, na ninataka wanaosema “bure” waelewe kazi hiyo ni nini, maana wanadhani programu ikishaandikwa imeandikwa, kama jiwe la msingi. Watengenezaji wa simu hubadilisha mifumo yao kila wakati. Ni kama mwenye nyumba anayebadili kitasa, na programu isiyochongewa ufunguo mpya inabaki nje. Maneno mapya yanaingia kwenye lugha. Kuna majina ya watu inayoyakosea. Kuna mlango ambao wezi wa mtandaoni wameugundua na lazima uzibwe leo, si baada ya kikao. Ukiifanya kazi hii vizuri hakuna anayejua umeifanya. Anayesikiliza simu yake asubuhi inamsomea ujumbe wa mwanawe hajui kwamba jana nusura inyamaze. Ndiyo sifa yake na ndiyo balaa lake. Matunzo mema hayaonekani, na wakubwa wetu hutoa fedha kwa kile kinachoonekana kwenye picha.

Hilo tulilithibitisha pamoja, wewe na mimi, mara ya kwanza tulipokwenda mbele ya kamati. Ulivaa koti la baba. Ulieleza kwa upole kwamba huombi kujenga kitu, unaomba kukitunza kilichopo, na kwamba mshahara wa mtu mmoja au wawili ungetosha. Mjumbe mmoja akakukatiza.

“Kijana, hapa tunafadhili ubunifu. Kitu gani kipya?”

“Hakuna kipya, mheshimiwa. Ni kuhakikisha cha zamani hakifi.”

“Ongeza basi kitu. Weka hata picha za mlima.”

Siku hiyohiyo walikipa fedha kikundi kilichokuja na programu ya kuwaonyesha watalii picha za kilele cha Kibo wakiwa wamekaa, Kibo yenyewe imewasimamia dirishani. Ilizinduliwa kwa utepe, kofia na fulana. Nilikwenda kuangalia, sitaki mtu aniambie nasema kwa kusikia. Mgeni rasmi alikata utepe, akapigwa picha, akaondoka na mkasi. Jaribu kuifungua programu hiyo leo. Haifunguki. Nayo ilihitaji matunzo, na matunzo hayakatiwi utepe.

Tulipokuwa tunashuka ngazi ulisema, “Dada, usiandike kwenye gazeti. Tukiwaudhi watatunyima tena.” Nikakusikiliza. Sikuandika. Wakatunyima tena bila kuudhiwa na mtu.

Kisha ukaugua, na kilichofuata ni chetu sisi, si cha gazeti. Ila msiba wako ulikuwa wa watu wote. Walikuja wasioona kutoka wilaya zote za mkoa, wakishikana mabega kwenye kile kinjia chembamba cha migombani, na wasichana wa kwaya wakawapokea wakawaongoza hadi kwenye viti. Mwenyekiti naye alikuja, na shada la maua ambalo watu wawili walilibeba. Akasimama mbele ya jeneza akasema, “Marehemu ametuachia urithi wa taifa. Tutauenzi.” Felista alikuwa amekaa karibu yangu. Akaniinamia sikioni: “Kuenzi ni kufanya nini?” Nikamwambia ngoja, tutaona.

Tumeona. Mwaka huu simu zimebadilishiwa mfumo kwa mara nyingine, na safari hii si kitasa kilichobadilishwa, ni mlango mzima. Jirani amenyamaza. Kwenye simu za zamani, na kwenye mashine za benki ile, bado anasema, ila kila anayenunua mpya, au ambaye simu yake inajisasisha yenyewe akiwa amelala, anaamka na kipande cha kioo kisichosema. Mwalimu Felista ilimpata katikati ya kusahihisha insha. Alinipigia kwa kubahatisha namba kwa vidole.

“Sauti yako imekwenda wapi?” akaniuliza. “Nimegusa kila mahali.”

Mkuu wa shule amemwambia, kwa lugha laini, kwamba kama hawezi kusoma kazi za wanafunzi itabidi apewe majukumu mengine. Tunajua majukumu mengine ni yapi. Ni kukaa ofisini karibu na dirisha. Mwanamke aliyefundisha nusu ya mawakili wa mji huu atawekwa karibu na dirisha ambalo haoni nje yake.

Ya kufanya yanajulikana. Neema anaweza kuirudisha Jirani. Amenieleza, na mimi nisiyejua msimbo nimemwelewa: ni kazi ya miezi michache ya mtu anayeifanya kutwa, kisha mtu wa kuiangalia kila siku. Ila Neema ana mama wa kulisha na mdogo wake yuko sekondari. Amekuwa akiifanya kazi hii jioni, baada ya kufunga kibanda. Sasa amepata ajira Dar es Salaam, na mwajiri ni benki ileile ninayoiitia foleni. Wao hawana fedha za matunzo ya Jirani. Fedha za kumchukua mtu wa mwisho anayeijua wanazo.

“Dada, sitaki kwenda,” aliniambia. “Lakini siwezi kula shukrani.”

Simlaumu. Atakayemlaumu aanze kwa kumlipa.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilikwenda ukumbini, na ndiyo maana safari hii ninaandika. Baada ya lile neno la mwenyekiti walifuata wengine, na sitaki waseme sikuwajibu.

Mmoja alisema watumiaji wachangie. Watumiaji wa Jirani ni watu ambao wengi wao hawajawahi kuajiriwa kwa sababu mwajiri akiona fimbo nyeupe anasema nafasi imejaa. Mwenye macho anasoma tangazo la serikali ukutani bila kukata tiketi. Asiyeona alipie kulisikia? Tuite hilo jina lake: kodi ya upofu.

Mwingine akasema tutafute wafadhili wa nje. Nchi iliyoipeleka lugha hii kwenye kila shule ya kata, na inayojisifia lugha hii kwenye kila mkutano wa Afrika, sasa ipige magoti ugenini iombe watu wa mbali watutunzie ulimi wetu. Na mfadhili naye, kama mjumbe wetu, atauliza kuna nini kipya.

Wa tatu, kijana mwenye miwani ya gharama, alisema kampuni kubwa za nje zitaleta kitu bora zaidi, tusihangaike. Zilishaleta. Zilituletea yule bwana wa kokoto. Zikiona hasara zitamwondoa hata yeye, na hatutakuwa na pa kulalamika, kwa sababu msimbo wao umefungwa na ofisi zao ziko ng’ambo ya bahari mbili.

Wa nne alinong’ona, ila nilimsikia, kwamba fedha zikitolewa zitaliwa. Huyo nampenda kuliko wenzake, maana anaijua nchi yake. Lakini asikilize. Katika programu huria kila marekebisho yanaonekana: nani kayafanya, lini, amegusa mstari upi, na kwa nini. Felista akiwa na simu inayosema anaweza kuyakagua. Nitajie daraja moja, kisima kimoja, zahanati moja katika mkoa huu ambapo mwananchi anaweza kuona kila msumari na aliyeupigilia. Kama tunaogopa wizi, basi hapa ndipo mahali salama kuliko pote pa kuweka fedha ya umma, na pengine ndiyo sababu hapavutii.

Ninajua ungeniambia nini. Ungeniambia, dada, wamesikia, sasa kaa. Na hapo ndipo ninapokukasirikia na wewe, Elinami, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni hadi kliniki. Upole wako waliufanya bajeti. Kila mwaka uliofanya kazi bila malipo waliuandika kama ushahidi kwamba kazi haihitaji malipo. Ulipiga pembe kwa watu wasio na haya, na walipokosa kuja ukachukua jembe ukasafisha zamu zao zote, mpaka mwili ukachoka. Kwenye mfongo wa baba jambo hilo lisingeruhusiwa. Wangekunyang’anya jembe, wakaenda kuwagongea milango.

Kodi ndiyo pembe isiyoomba. Benki inalipa kodi itake isitake, hata meneja mwenye shati lililonyooka analipa, na mimi nikinunua sukari ninalipa. Sote tunaokunywa tumeshatoa jembe. Majembe yako ghalani kwa kamati, na kamati inatuambia haioni cha kulima.

Mama anakusalimu. Siku hizi hasikii vizuri, lakini kahawa aliichuma mwenyewe msimu huu akakataa kusaidiwa. Kihamba kipo, migomba uliyopanda imezaa. Nimeacha stoo kama ulivyoiacha, magodoro yamesimama, kwa sababu Neema anasema kuna maneno itabidi tuyarekodi upya. Pumzika, mdogo wangu. Upole umekwisha kutumika wote, na uliobaki katika ukoo huu ni mimi.

Na ninyi wajumbe wa kamati ya mfuko, ninajua mnasoma, kwa sababu mmoja wenu ameshanitumia mtu aniambie nisiandike. Mnakutana tena mwisho wa mwezi huu. Neema amemwomba mwajiri wake mpya amsubiri hadi siku hiyo, na si zaidi. Fungueni fungu la matunzo katika mfuko wenu, fungu la kudumu, lisilodai kitu kipya, na mshahara wa kwanza katika fungu hilo uwe wa Neema, ili Jirani aseme tena. Mkikubali, mtume ujumbe kama mnavyotuma siku zote. Mkikataa, msitume. Njooni ukumbini mtukatalie mbele ya Mwalimu Felista, kwa vinywa vyenu, neno kwa neno, taratibu, kwa sababu simu yake haiwezi tena kumsomea barua yenu.

Dada yako